Hamali wa kwenda ini: shajara ya mradi wetu, Mombasa, Januari hadi Mei 2025

Jumatatu, 6 Januari

Leo tumekubaliana kuanza. Tuko wanne: mimi, mfanyakazi wa maabara huku Majengo; daktari mmoja kijana anayeshughulika na magonjwa ya ini; Maalim, aliyesomesha Kiswahili hapa kisiwani miaka zaidi ya thelathini na sasa amestaafu; na mchoraji ambaye kazi ya mkono wake watu huiona kila siku ubavuni mwa matatu za Kisauni na Bamburi bila kumjua mwenyewe. Kazi tuliyojitwika ni maelezo ya sauti ya nusu saa, pamoja na kitambaa cha picha cha kutundika ukutani, kueleza tiba ya jeni inayotumia virusi dhidi ya saratani ya ini. Kiswahili chake kiwe kile ambacho shangazi yangu akikisikia mara moja amekielewa.

Sababu ni mjomba. Mwaka 2023 alianza kulalamikia ubavu wa kulia, akakonda, macho yakageuka manjano, na picha ya ultrasaundi ilipopigwa uvimbe ulikuwa umeshalijaa ini. Binamu yangu akapata kwenye simu habari za virusi vinavyokula saratani huko ng'ambo. Mchango ukaanza. Siku moja tukiwa tumekaa mkekani, wazee wakanigeukia: "Wewe uko maabara. Tueleze, ni kitu gani hicho?" Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa Kiingereza miaka mingi. Kwa Kiswahili nikababaika. Nilisema ni kama chanjo lakini si chanjo, kisha nikanyamaza. Mjomba alifariki mchango haujafika nusu.

Mpaka leo ule ukimya wa mkekani sijautoa moyoni.

Jumamosi, 18 Januari

Siku nzima imekwenda katika neno moja. Wanasayansi kirusi kilichotayarishwa kubeba jeni hukiita vekta. Tulipomjaribu shangazi kwa "vekta", aliuliza kama ni dawa ya mbu. "Kisafirishi" kilimpeleka kwenye mabasi ya Nairobi. "Kibebaji" alikielewa lakini hakuona picha yoyote.

Maalim akasema tufunge kamusi, twende Marikiti. Tulisimama kwenye kona karibu saa moja. Hamali mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wenye magunia ya vitunguu, jasho linamtona kidevuni, anapiga ukemi watu wampishe. Hakuuliza gunia lina nini. Alijua kichochoro, alijua mlango, alishusha, akaondoka. Maalim akanitazama tu, na wote wawili tukajua tumepata.

Kirusi kwa asili yake ni hamali anayebeba shehena yake mwenyewe. Hakiwezi kuzaana peke yake, kwa hiyo hubisha mlango wa seli, hupenya, na hushusha maandishi yake, yaani jeni zake, seli ikayasoma na kuanza kutengeneza virusi vingine. Waliobuni tiba hii wameyatoa maandishi yale ya kuzaana, wakamwachia hamali miguu yake na ujuzi wake wa milango, kisha wakampakia shehena nyingine.

Daktari alituongezea kwamba mahamali si wa aina moja. Kuna adenovirusi, jamaa wa vile vinavyotuletea mafua: upana wake ni kama nanomita 90 (milimita moja ina nanomita milioni), na maandishi yake yote ni herufi 36,000 hivi, kwa hiyo mkokoteni wake ni mpana. Kuna AAV, yaani kirusi kiandamani cha adenovirusi, kidogo mno, nanomita 25 tu, kisichoweza kubeba zaidi ya herufi 4,700 hivi. Lakini AAV kina sifa moja: aina zake kadhaa zikitiwa kwenye damu hukimbilia ini. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya AAV iitwayo Hemgenix kwa ugonjwa wa kutokwa damu wa hemofilia B. Hamali analipelekea ini jeni ya kutengeneza kigandishi cha damu ambacho mgonjwa hana. Mtu hudungwa mara moja. Bei iliyotangazwa: dola milioni 3.5.

Tulibishana kama bei hiyo itajwe. Nimesema itajwe. Mtu anayeuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu ana haki ya kusikia nambari kabla hajafika mnadani.

Jumamosi, 1 Februari

Mchoraji alikuja na mchoro wa kwanza: kirusi chenye meno na macho mekundu. Alipoambiwa hiki ni cha tiba, alikichora upya kikiwa kijana mwenye misuli na joho. Vyote viwili tumevikataa. Nikamletea katoni tupu na makasi, tukaketi chini tukaanza kukata pembetatu zenye pande sawa, ishirini. Ukizigandisha kwa utaratibu, tano zikikutana kila kona, zinajifunga zenyewe na kuwa kitu kama jiwe lililochongwa: nyuso 20, kona 12. Hilo ndilo umbo la adenovirusi. Kwenye kila kona tukachomeka kijiti cha mshikaki chenye shanga nchani, kwa sababu kirusi hicho kina mkono mwembamba kwenye kila kona, na ncha ya mkono huo ndiyo inayoshika kitasa cha seli.

Alilizungusha mkononi muda mrefu. Aliuliza ukubwa wake wa kweli. Nikamwambia vikipangwa kama elfu moja, bega kwa bega, ndipo vivuke upana wa unywele mmoja. Akasema, "Dada, hiki kizuri kuliko chochote nilichowahi kuchora," na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza tena habari za meno.

Kuhusu ini lenyewe: litachorwa na mito miwili inayoingia. Mmoja ni mshipa mkubwa unaotoka matumboni, unaoliletea ini kama robo tatu ya damu yake. Wa pili ni ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Uvimbe wa saratani unakunywa zaidi mto wa ateri. Ndiyo maana madaktari wanaotaka kufikisha kitu kwenye uvimbe hupenya kwa mrija mwembamba kupitia ateri, au hudunga sindano moja kwa moja ndani ya uvimbe.

Jumamosi, 8 Februari

Hamali anabeba nini? Hapa ndipo nilipofurahi kuliko siku zote.

Shehena ya kwanza ni jeni iitwayo p53. Kila seli yetu ina mlinzi huyu. Seli ikiharibika maandishi, mlinzi huisimamisha isigawanyike, na ikiwa haitengenezeki huiamuru ife. Sasa kuna ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu, unaotoa sumu ya aflatoksini. Hapa Kenya tunaikumbuka kwa msiba wa mwaka 2004 kule Ukambani na kwingineko: wagonjwa 317, waliokufa 125, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi. Lakini anayeila kidogo kidogo miaka mingi hapati dalili yoyote, na ndani ya ini sumu ile inaharibu maandishi ya mlinzi mahali pamoja mahususi: herufi G inakuwa T. Herufi moja tu.

Maalim alisimama. Alikwenda ubaoni (tunakutana chumba cha mbele cha nyumba yake, ubao anao bado) akaandika PONYA. Akafuta Y, akaweka D. PONDA. Hakusema neno, na hilo litaingia kitambaani kama lilivyo.

Oktoba 2003 China iliidhinisha Gendicine, adenovirusi iliyopakiwa p53 isiyoharibika, ikawa dawa ya kwanza ya jeni duniani kuruhusiwa kuuzwa. Idhini ilikuwa ya saratani za kichwa na shingo. Madaktari wa huko wameijaribu pia kwenye ini, pamoja na utaratibu wa kuziba ateri inayolisha uvimbe.

Shehena ya pili ina akili ya namna yake: jeni ya kirusi cha hepesi ambayo kwa yenyewe haiui kitu. Mgonjwa akishaipokea, anapewa dawa iitwayo gansiklovia. Seli iliyopokea jeni inaigeuza dawa ile kuwa sumu humo ndani, na sehemu ya sumu hiyo inavuja kwa seli jirani. Uhispania waliijaribu kwa wagonjwa 10 wa saratani ya ini, kwa sindano ya ndani ya uvimbe. Ilivumilika, na uvimbe wa baadhi yao ukaacha kukua kwa muda.

Na kuna suala la kufuli, maana hamali akishusha sumu kwenye nyumba ya jirani iliyo salama itakuwaje? Mtoto akiwa tumboni, ini lake hutengeneza protini iitwayo alfafetoprotini. Akishazaliwa, ini huacha, kama mtu aliyesahau lugha ya utotoni. Saratani nyingi za ini huirudia lugha hiyo. Basi watafiti wameandika shehena kwa namna ambayo ni seli inayosema lugha ya tumboni tu ndiyo itakayoweza kuisoma. Kwenye seli za ini zisizo na saratani, maandishi yanalala bila kufunguliwa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka Mji wa Kale hadi Majengo nikiwaza hilo.

Jumamosi, 15 Februari

Tumeyasikilizisha maelezo yetu kwa mara ya kwanza, Kisauni, chini ya mwembe, watu kama ishirini na tano. Kahawa tungu na kashata kwa gharama zetu.

Mzee mmoja alituuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: "Mwanangu, virusi ndivyo vilivyomuua ndugu yangu. Homa ya ini ya B ilimwanza, ikaja kuwa saratani. Leo mwaja kunambia nitiwe vyengine?" Nilimjibu kwa kirefu. Ni kweli kirusi cha homa ya ini B hupenyeza vipande vya maandishi yake ndani ya DNA, yaani kitabu cha maandishi, ya seli za ini, na hiyo ni njia mojawapo ya kuizaa saratani. Hamali wa tiba amenyang'anywa uwezo wa kuzaana, na adenovirusi kwa kawaida haipachiki shehena yake ndani ya DNA. Inaiweka kando tu. Lakini sikumficha: mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichunguza sampuli 193 za saratani ya ini, na katika 11 wakakuta vipande vya AAV ya asili, ile ya mitaani isiyo ya tiba, vimejipachika karibu na jeni za saratani. Kwa hiyo wanaotumia AAV wanafuatiliwa miaka mingi.

Mzee alitikisa kichwa, akasema, "Hapo umenena."

Nikauliza nani alichanjwa AstraZeneca wakati wa korona. Mikono ikainuka zaidi ya nusu. Nikawaeleza kwamba chanjo ile ni hamali: adenovirusi ya sokwe isiyoweza kuzaana, iliyopakiwa jeni moja ya kirusi cha korona. Ilifanyiwa majaribio hata hapa jirani, Kilifi, na shehena ya kwanza ya chanjo iliingia Kenya tarehe 3 Machi 2021. Waliichagua ya sokwe kwa sababu watu wengi, na Afrika hasa, tumeshaugua adenovirusi za kawaida tangu utotoni. Askari wa miili yetu wanamjua hamali huyo kwa sura. Wanamkamata langoni kabla hajashusha. Hilo ni tatizo kubwa la tiba hii kwa watu wetu, na halitajwi sana.

Tumeondoka tumefurahi. Naandika usiku huu kwamba kazi imekwisha nusu.

Alhamisi, 20 Februari

Haikuwa imekwisha. Afadhali ningeifuta ile sentensi ya Jumamosi, lakini naiacha.

Jana mama mmoja aliyekuwapo chini ya mwembe alinipigia simu. Mumewe ana saratani ya ini. "Mwanangu, cherehani nimeshaiuza, na kiploti cha Mtwapa nimepata mteja. Niambie tu hivyo virusi ni hospitali gani." Jumanne hakumpeleka mumewe kliniki, nauli aliiweka akiba ya tiba yetu.

Nilimwambia daktari, tukaenda jioni ileile mimi na yeye. Nyumba ya vyumba viwili, mume amelala upande, mto chini ya mbavu. Nilimweleza mama ukweli: hakuna hospitali Mombasa wala Kenya inayotoa tiba hii kwa saratani ya ini, na hata huko ng'ambo bado ni majaribio. Nikamwambia kosa ni letu. Alinyamaza akamimina chai. Kisha akauliza, "Basi na yule mteja wa ploti nimwambie nini?"

Daktari amempangia mume tarehe mpya, na amewaunganisha na huduma ya kutuliza maumivu. Wamempa morfini ya maji. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, mama anasema, amelala usiku kucha.

Cherehani ilikuwa imeshafika kwa fundi wa Kongowea. Mchoraji amemtafuta, tumechanga, ameirudisha kwa bei ileile.

Jumamosi, 22 Februari

Tumeketi kuusikiliza mswada wetu wenyewe, dakika thelathini na moja, kuona uongo uko wapi. Tarakimu zote sahihi. Daktari hakukuta kosa. Tuliurudia mara ya pili, na Maalim akaanza kuhesabu kwa vidole. Tulipomaliza akasema, "Hu-. Nimehesabu arobaini na tatu."

Alitusomea sentensi yetu ya ufunguzi: Virusi hubeba jeni ya tiba, huingia katika seli ya saratani, na huiua. "Hu- ni ya jambo la kila siku," akasema. "Jua huchomoza mashariki. Maji hujaa na hupwa. Mama wa watu amekusikia unasema virusi huua saratani, naye anajua Kiswahili. Hubeba wapi? Huingia kwa nani? Jana? Leo asubuhi? Hiyo tiba yenu hu- yake iko wapi?"

Sote tulikaa kimya. Nilijitetea kidogo kwamba vitabu vyote vya sayansi tulivyosoma shuleni vimeandikwa hivyo. Akasema ndiyo, na vinaandika habari za moyo na mapafu, ambavyo kweli hupiga na hupumua.

Tukaweka utaratibu. Mambo ya mwili yabaki na hu-: ini husafisha damu, hilo ni kweli kwa kila aliyemo chumbani. Kila jambo la majaribio liende kwa -li- na -ka-, likiwa na mwaka, mahali na idadi ya watu: walijaribu, ikatokea. Yanayotazamiwa yaende kwa "wanatafuta" na "wanajaribu", wala si "-ta-". Na kwa lile swali kuu, je, ni dawa? Nilitaka tuseme "si dawa". Maalim akakataa. "Si" inafunga mlango kwa msumari, na hamjui kesho. Semeni "haijawa dawa". Humo mna leo yote, na hamna ahadi.

Nimelitafuta neno hilo tangu 2023 na lilikuwa kinywani mwangu.

Jumamosi, 8 Machi, baada ya tarawehe

Ramadhani imepunguza kasi, lakini usiku una utulivu wa kuandika. Sehemu ya majaribio sasa inasimuliwa kama visa, na imekuwa ndiyo kiini cha rekodi.

Kisa cha kwanza ni cha Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 wa Marekani. Hakuwa na saratani. Ini lake lilikosa kimeng'enya kimoja, na hali yake ilikuwa imedhibitiwa kwa lishe na dawa. Alijitolea katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Septemba 1999 walimtia adenovirusi kwa wingi kupitia ateri ya ini. Kinga yake iliwaka mwili mzima, na baada ya siku nne, tarehe 17, akafariki. Tumemweka mwanzoni. Daktari alihofia atawatisha watu. Mimi nasema mtu asiyejua kisa cha Jesse hajui anachoulizwa anapoombwa saini.

Kisa cha pili ni kirefu zaidi. Wazee wa hapa wana kovu la chanjo ya ndui mkononi, la mviringo, kama sarafu iliyokandamizwa. Kirusi cha chanjo ile huitwa vaksinia. Watafiti walikichukua, wakakitoa jeni moja ili kizaane zaidi ndani ya seli za saratani, wakakiongeza nyingine ya kuita askari wa kinga. Sisi tumeiita mbiu ya mgambo. Hamali huyu ni wa aina nyingine: akiingia anazaana, anaipasua seli, na wanaotoka wanaingia jirani. Kiliitwa Pexa-Vec.

Mwaka 2013 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 30 wa saratani ya ini. Nusu-kwa-nusu hivi, waliopewa dozi kubwa na waliopewa dozi ndogo. Hapa tulikwama kueleza "miezi 14.1 dhidi ya 6.7", yaani muda walioishi wa dozi kubwa na wa dozi ndogo. Wastani wa namna hii si ule wa kujumlisha na kugawa. Shangazi alikuwa anachambua mbaazi za daku, Maalim akamwomba sinia. Akapanga mbaazi kumi na tano kwa mstari. "Hawa ni wagonjwa, wamepangwa kwa muda walioishi tangu walipoanza. Huyu aliondoka mapema. Huyu wa mwisho yupo mpaka leo." Akaweka kidole kwenye ya nane. "Huyu ni mgonjwa wa katikati. Saba wametangulia kabla yake, saba wamebaki baada yake. Yeye ndiye miezi kumi na nne." Shangazi akaiangalia ile mbaazi moja, akasema, "Masikini."

Matumaini yakapanda. Wakafanya jaribio kubwa la wagonjwa 459 katika nchi nyingi: nusu walipewa kirusi kisha sorafenibu, vidonge vilivyokuwa vikitumika tangu 2007, na nusu vidonge peke yake. Agosti 2019 wakalisimamisha. Hesabu zilizopigwa likiwa bado linaendelea zilionyesha haliwezi kufaulu. Yalipotoka kamili, mgonjwa wa katikati wa kirusi na vidonge aliishi miezi 12.7. Wa vidonge pekee, 14.0.

Tumeirekodi hiyo bila kuipamba. Niliposoma ile 14.0 sauti yangu ilikatika, na mchoraji akasema tuiache.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua za masika. Umeme umekatika mara tatu tukirekodi. Dakika kumi na mbili zimepatikana.

Mume wa yule mama amefariki Jumatano. Tulikwenda kuzika.

Jumamosi, 3 Mei

Mama yuko eda, hatoki. Nimempigia kumuuliza kama angependa kuisikia rekodi mpya au tuache kabisa, akasema niilete. Tumekwenda mimi na shangazi. Cherehani iko dirishani, imefunikwa leso.

Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, simu mapajani. Kwenye kisa cha Jesse alisoma dua. Kwenye sehemu ya chanjo ya homa ya ini B, inayoeleza kwamba watoto wa Kenya wameipata ndani ya chanjo ya pamoja tangu 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, alituuliza kuhusu wanawe wakubwa waliozaliwa kabla ya hapo. Nikamwambia waje wapimwe. Wasio na homa hiyo watadungwa chanjo mara tatu. Nimewaandikia siku.

Ilipofika kwa mgonjwa wa katikati aliisimamisha mwenyewe kwa kidole. Akairudisha nyuma, akaisikia tena.

"Hapa mwakimbia," akasema. "Mwasema miezi kumi na miwili nukta saba kisha hapo hapo mwaenda mbele. Hapa ngojeni. Hapa ndipo mtu anapojitafuta yuko mbaazi gani."

Nikamuuliza kama "haijawa dawa" ilimkaa sawa. Alifikiri. "Lau mngenambia hivyo siku ile ningeuza cherehani?" Akajijibu: "Pengine ningeuza. Lakini ningejua nauza nini."

Jumamosi, 17 Mei

Sehemu ya tatu imerekodiwa upya. Baada ya 12.7 kuna sekunde sita za kimya, na baada ya 14.0 sita nyingine. Daktari alisema sekunde sita katika sauti ni nyingi. Tumezipima kwa saa na tumeziacha.

Kitambaa kimekamilika: mita mbili kwa moja na nusu, ini kwa rangi ya zambarau iliyoiva, mito miwili, hamali na mkokoteni wake langoni, askari wamemsimamisha mmoja na mwingine amepita. PONYA na PONDA upande wa kushoto. Pembeni chini, mbaazi kumi na tano, ya nane ina duara jekundu.

Mwalimu mmoja wa Kigiriama kutoka Mtwapa ameomba kuitia rekodi katika lugha yao. Swali la kwanza Maalim alilomuuliza ni jinsi Wagiriama wanavyosema jambo ambalo halijawa. Amesema si neno moja, inategemea, na lazima aje aeleze kwa mdomo. Jumamosi ijayo saa nane, nyumbani kwa Maalim. Nilete sinia na mbaazi.